Kebo Ndani ya Ukuta wa Chokaa

Kidawa alitoka Baleni kuja Kilindoni akiwa na miaka ishirini na mitatu, na kilichomleta ni chokaa. Tajiri Rehmatulla alikuwa anajenga nyumba ya ghorofa ya mawe ya matumbawe, na wanawake walitakiwa wachekeche chokaa na kuipandisha juu kwa karai. Fundi wa lipu akashikwa na homa, akalala siku tisa. Siku ya kumi alipoinuka alikuta chumba cha nyuma kimeshapigwa lipu, laini kama ganda la yai, na mwiko uko mkononi mwa Kidawa. Akaupapasa ukuta, akamwangalia yule msichana, akaenda kutafuta chumba kingine. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia Kidawa arudi kwenye karai.

Nyumba ilipokwisha, Rehmatulla akambakisha kuwa mtunzaji. Mwaka ule wa Kombe la Dunia la Marekani tajiri alileta dishi kubwa kama paa la kibanda, akaliweka darini, kwa sababu mama yake, Bi Shabina, alikuwa haoni raha bila sinema za kwao na miguu ilikuwa haimruhusu kushuka ngazi. Ukuta ukachimbwa mfereji kutoka juu mpaka chumbani kwa mama na kuendelea mpaka sebuleni, paipu ikalazwa ndani na waya wa televisheni ndani yake, na Kidawa akafukia kwa lipu. Ukipita leo huoni palipochimbwa.

Mwaka uliofuata ikaja Hifadhi ya Bahari. Kuvunja matumbawe kukakatazwa, na matanuri ya chokaa yakazimwa moja baada ya jingine. Kidawa hakulalamika, kwani kwa macho yake aliwaona samaki wakirudi. Lakini alilijua jambo moja ambalo wapangaji wengi hawalijui: lipu ya namna ile haipatikani tena. Mpangaji mmoja wa chini aliwahi kutoboa tundu la kutundikia rafu, chokaa ikamdondokea kipande kizima kama sinia. Akaziba kwa saruji. Saruji ikakaa masika moja, ya pili ikabanduka na kuondoka na chokaa nyingine. Rehmatulla alikuwa ameshafariki, na binti yake Zenab, anayeishi Dar es Salaam, akapiga simu na kusema kuanzia siku hiyo hatoboi mtu bila idhini ya Bi Kidawa.

Ghorofani, palipokuwa nyumbani kwa tajiri mwenyewe, sasa anakaa Angela, mtaalamu wa maabara pale hospitali, mtu wa Bukoba. Anakaribia miaka thelathini na mitano, na ufadhili wa masomo ya juu aliokuwa akiuomba hupewa watu wasiozidi umri huo. Mara mbili aliomba akakosa. Safari hii jina lake lilitoka, na usaili ukapangwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, kwa video, mbele ya walimu watatu walioko Mwanza. Ni hiyo Alhamisi au basi.

Tatizo ni kwamba mawe ya nyumba ile yana unene wa mkono mzima, na simu ikiingia ndani hupoteza mtandao. Angela alizoea kupanda darini kuongea na mama yake, upepo ukimpeperusha kanga na sauti ikikatika katikati ya neno. Huwezi kujibu walimu watatu hivyo. Basi akaomba intaneti ya kebo kwenye kampuni moja iliyokuwa imeanza kusimamisha nguzo zake mjini. Fundi wao, Gerson, alivuka bahari kwa boti kutoka Nyamisati, bandari ya bara, Jumanne, na alitakiwa kurudi nayo Jumatano alasiri. Wateja wengine walimchelewesha. Alifika kwa Angela Jumatano, saa tatu ya asubuhi.

Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye mkoba mzito. Akamwamkia Kidawa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaanza na lililo rahisi. Akaufuata waya wa zamani wa televisheni sebuleni, akaufunga kwenye mashine yake kuona kama utafaa. Taa ikawaka nyekundu, ikakaa hapohapo. Akaukata ncha akawaonyesha: shaba ya ndani imekuwa kijani kwa chumvi ya bahari. Waya huo, akasema, umeshakufa zamani, haukuzikwa tu.

Nguzo ya kampuni iko nyuma ya nyumba, na ukuta wa nyuma hauna dirisha hata moja. Kuzunguka mpaka mbele, kebo aliyobeba haitoshi, nyingine iko ng'ambo. Kwa hiyo Gerson akatoa drili, akapima kwa kidole, akaweka alama ya penseli ukutani.

Kidawa akaweka kiganja chake juu ya ile alama.

"Hapa hapatobolewi, mwanangu."

"Bibi, tundu lenyewe dogo kama kidole."

"Kidole chako. Ukuta huu hausikii kidole, unasikia mtetemo. Utatoboa kidole, utaanguka mlango."

Angela akamshika mkono, akamkumbusha kwa upole kwamba kesho ndiyo Alhamisi. Kidawa akamwambia anajua, na tundu lipo tayari, tena kubwa kuliko la drili. Akamweleza Gerson habari ya paipu: inaanzia darini lilipokuwa dishi, inashuka ndani ya ukuta, inapita chumbani, inatokea hapo ulipo waya. Afunge kebo mpya kwenye ncha ya waya wa zamani kule juu, avute huku chini, waya mzee utoke ukiileta mpya.

Gerson akacheka. "Kumbe wewe ndiye mhandisi wa nyumba hii?"

"Mhandisi alikuwa akiniuliza mimi."

Wakapanda darini wote watatu. Mdomo wa paipu ulikuwapo palepale aliposema. Gerson akafunga kebo, akashuka, akaanza kuvuta. Waya ukaja shibiri moja, ukakataa. Akavuta kwa mikono miwili, akavuta mguu ukiwa ukutani. Ukakatika. Kipande kikabaki mkononi mwake, na kingine ndani ya ukuta. Akachukua waya wake mgumu wa kupitishia kebo, akausukuma kutoka juu. Ukashuka vizuri, kisha ukagota. Akajaribu tena, ukagota hapohapo.

Sasa ilikuwa saa sita na nusu. Gerson aliitazama saa bila kuificha, akasema boti haimsubiri mtu, na kama bibi anaruhusu drili amruhusu sasa. Angela alikaa ukingoni mwa kiti amekumbatia kitabu chake cha maabara kama mtu aliyeko hospitali akisubiri kuitwa.

Kidawa akaona haya, na haya si kitu alichozoea. Akapanda tena darini peke yake, akapima kwa shibiri ule waya mgumu mpaka ulipogota, akashuka nao chumbani, akaupima ukutani kutoka juu kuja chini. Shibiri ya mwisho ikamfikisha nyuma ya kabati, palipokuwa kichwani mwa kitanda cha Bi Shabina. Na hapo ndipo alipokumbuka.

Manyigu. Mwaka ule baada ya dishi kung'olewa, manyigu walishuka kwa ile paipu wakajenga, na mmoja alimuuma Bi Shabina kwenye kope. Bi Shabina alikuwa na tundu lake chumbani la waya wa televisheni, na hapo ndipo walipotokea. Kidawa aliitwa akiwa anafua. Akachukua konzi ya makumbi ya nazi, akaishindilia ndani mpaka kwenye kona ya paipu, akapiga chokaa juu, akarudi kwenye nguo zake. Kazi ya robo saa. Alikumbuka kila ukuta wa nyumba ile, ila kazi hiyo ndogo aliitupa kichwani pamoja na maji ya kufulia.

Angeweza kunyamaza. Angesema paipu imebomoka yenyewe, imezeeka, toboeni. Hakuna aliye hai ambaye angembishia. Akasimama kidogo na wazo hilo, akaona ni zito kuliko karai. Akarudi sebuleni.

"Paipu haina kosa. Niliiziba mimi."

Gerson akamwangalia. "Wewe, bibi?"

"Mimi, kwa mkono huu. Nikasahau. Nisukumieni kabati, na wewe Angela nenda jikoni, nikamulie ndimu zote ulizonazo, uzichanganye na maji ya moto."

Gerson akauliza ndimu za nini, kama ni za chai. Kidawa akamjibu kwamba waliokuwa wakibeba chokaa walikuwa wakiosha mikono kwa ndimu, kwani ndimu huila chokaa. Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, shibiri kwa shibiri, mpaka mlio ukawa wa kitu chenye uwazi nyuma yake. Akalowesha kitambaa, akakibandika hapo, akangoja, akakwangua kwa kisu cha mboga. Akalowesha tena. Gerson alijitolea kupiga nyundo mara mbili, na mara mbili akaambiwa akae. Mara ya tatu hakujitolea, alishika bakuli la ndimu.

Chokaa ikalainika kama maziwa ya mgando. Kikatokea kijitundu cha upana wa kikombe cha kahawa, na pembeni yake lipu haikupata hata ufa. Kidawa akaingiza vidole viwili, akavuta. Makumbi yakatoka yameshikamana, na nyumba kavu ya manyigu juu yake. Gerson akakimbia darini. Punde ule waya mgumu ukachungulia tunduni, na nyuma yake kebo mpya, nyeusi, inang'aa.

Sebuleni hawakuhangaika kufika. Gerson alisema hapohapo panatosha, akafunga ruta juu ya kabati, akampigia simu mwenzake wa ofisini. Taa ikawaka nyekundu. Ikapepesa. Angela alikuwa amesimama amekaza kanga kiunoni. Ikawa kijani.

Angela alimpigia mama yake Bukoba kwa video, na mama akauliza mbona leo hakuna upepo.

Gerson aliiwahi boti, ingawa alishuka ngazi mbilimbili. Kabla ya hapo alichomoa karatasi, akamwomba Kidawa amchoree paipu zote za nyumba, chini na juu, kwa sababu wapangaji wengine watataka. Kidawa akachora kwa penseli, na kwenye kona ya chumba cha Bi Shabina akatia alama ya msalaba na kuandika kwa mwandiko wake wa darasa la saba: hapa niliziba, nimezibua.

Alhamisi saa tatu Angela alikaa chumbani, mgongo wake kwenye shuka nyeupe aliyoitundika kuficha kitanda. Kidawa aliweka kigoda chake mlangoni kwa nje, asipite mtu. Alisikia sauti ya mwalimu wa Mwanza, nzito, kana kwamba mwenyewe yumo mle ndani, ikiuliza mambo ya damu na vijidudu. Alisikia Angela akijibu bila kuulizwa hata mara moja kama anasikia. Hayo aliyoyajibu Kidawa hakuyaelewa, lakini alijua sauti ya mtu anayeijua kazi yake, na kwa sauti hiyo hakuwa na wasiwasi wa matokeo. Wiki tatu baadaye yalitoka kama alivyotarajia, na Angela akaanza kutafuta masanduku ya kuhamia Mwanza.