Vikonyo 640 vya Nambilanje ndani ya treni ya Kigoma

“Nimelipia kitanda, sijalipia bafu!”

Saa nane mchana, treni ya Kigoma imeshaiacha Bahi. Teodosia, mfanyabiashara wa mawese, amesimama katikati ya chumba cha kulala cha wanawake, kanga yake iliyoloa imening'inia mkononi. Kutoka kitanda cha juu maji ya manjano yanadondoka tone kwa tone kwenye godoro lake.

“Dada, nimeshakuomba radhi mara tatu,” anajibu Zulfa Amiri kutoka juu, miguu ikining'inia. “Si mkojo. Ni maji ya salfa.”

“Ndiyo maana tunakohoa chumba kizima tangu Morogoro! Unasafiri na nini wewe, mganga?”

“Nasafiri na mikorosho.”

Abiria wengine wanne wanacheka. Teodosia hacheki. Anafungua mlango na kumwita mhudumu wa behewa.

Mhudumu, Eustace, anafika akiwa na daftari lake. Ananusa, anashika pua na kutoa amri moja: gunia lifunguliwe hapa hapa, la sivyo likae mlangoni mwa behewa kwenye vumbi mpaka Kigoma.

Zulfa hataki. Gunia hilo likifunguliwa kwenye joto kama hili, anasema, vikonyo, vile vijiti vya mikorosho, vitakauka. Lakini mlangoni vitakauka zaidi. Anashuka, analishusha gunia, anakata kamba kwa kisu chake cha kazi.

Kisha anafungua furushi la kwanza. Kile kisu kinamponyoka.

Vikonyo vilivyotoka Nambilanje vikiwa na rangi ya kijani vimekuwa vyeusi kama vijiti vya kiberiti vilivyokwisha kuwashwa.

Zulfa ana miaka arobaini na minne na watoto watatu, na ni mkazi wa Nandagala, wilayani Ruangwa, mkoani Lindi. Kazi yake ni kubebesha miche ya mikorosho. Anakata kichwa cha mche mchanga na kuchana shina kidogo, anapachika kikonyo kilichochongwa kutoka kwenye mkorosho mama unaozaa vizuri, kisha anafunga kwa utepe wa nailoni. Kikonyo kikishika, mche ule utazaa kama mama yake.

Kwa siku moja anabebesha miche mia na themanini, akiwa amekaa kwenye kigoda, mgongo umepinda. Nyumbani analipwa shilingi mia mbili kwa mche ulioshika. Usiposhika, hakuna malipo.

Kwa miaka tisa kazi zote amezipata kwa shemeji yake, Rashidy, mdogo wa mumewe, mwenye kitalu Nachingwea. Vikonyo vingi vya kitalu hicho hutoka kwenye mikorosho minne ambayo Zulfa aliachiwa na mama yake mzazi huko Nambilanje. “Hajawahi kunilipa vikonyo,” anasema. “Analipa mikono tu. Nami sikuwahi kuuliza. Ni shemeji.”

Safari hii ilikuwa kubwa kuliko zote. Kikundi cha wakulima wa nje kidogo ya mji wa Kigoma kilikuwa kimeotesha miche na kikawa kinatafuta mtu wa kuja na vikonyo bora na kuvibebesha. Shilingi mia tano kwa mche, tiketi ya kwenda na kurudi juu yao. Rashidy akamtuma Zulfa.

Alikuwa hajawahi kupanda treni. Marehemu babu yake alikuwa akisimulia kuwa zamani treni ilifika mpaka Nachingwea kubeba karanga, na wajukuu walimcheka kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona hata kipande cha reli. “Nilipoingia humu nikaona vitanda sita vimepangwa kama makabati, nilishika mdomo,” anasema Zulfa. “Babu hakusema kuna vitanda. Hapo nikajua hakuwa mwongo. Mwongo angeviongeza.”

Kilichoviua vikonyo ni kitu ambacho mtu wa Ruangwa angekiona ni uangalifu.

Kusini, salfa ya unga ndiyo dawa ya mkorosho. Kila msimu mashamba yanapulizwa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe, na watoto wanakua wakiijua harufu ile kama wanavyoijua harufu ya mboga ya mama. Zulfa alivifunga vikonyo katika mafurushi matatu ya nguo mbichi, akanyunyizia salfa ili visiote ukungu njiani, akaloanisha gunia vizuri na kulipandisha kitanda cha juu, mahali salama pasipokanyagwa na mtu.

Kutoka juu ya gunia ni kiganja kimoja tu mpaka bati la paa. Kuanzia Dodoma bati lile haligusiki.

“Kwetu tunapuliza alfajiri, kwenye umande, miezi ya baridi,” anasema, bado amechuchumaa sakafuni. “Hakuna aliyewahi kuilaza salfa ndani ya gunia la maji, chini ya bati, mwezi wa kumi. Imevichoma. Nimevichoma mwenyewe.”

Anajuaje ni salfa? Anafungua furushi la tatu. Hilo salfa ilimwishia, akalifunga hivyo hivyo. Anakwangua ganda la kikonyo kwa ukucha. Chini yake ni kijani.

Teodosia, ambaye dakika tano kabla alitaka gunia litupwe, anainama. “Hebu nione. Kijani ni hai?”

“Hai.”

“Na hiki?”

“Kahawia. Maiti hiyo.”

“Haya, sogeeni,” Teodosia anawaambia wengine. “Tukwangue. Chumba kimeshachafuka, kazi iishe.”

Wanawake sita wanakaa sakafuni wakikwangua vijiti kwa kucha huku treni ikipanda kuelekea Manyoni. Mmoja ametoka kupakwa rangi ya kucha kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Anaitazama ikibanduka, anatikisa kichwa, anaendelea.

Hesabu inakuja kabla ya stesheni ya Saranda. Kati ya vikonyo mia sita na arobaini, vilivyo hai ni mia mbili na kumi, na vyote vimetoka furushi la tatu.

Zulfa anampigia Rashidy. Kwa sababu ya kelele za treni anaweka simu kwenye sauti ya juu, na hivyo chumba kizima kinasikia.

“Vimekufa mia nne na thelathini, shemeji.”

“Shemeji, usinichekeshe. Vimekufa umewaambia nani?”

“Kigoma bado sijamwambia mtu.”

“Basi usimwambie. Bebesha vyote, funga nailoni vizuri, chukua hela, panda treni. Ikifika wiki ya tatu, nani atajua kikonyo kilikufa lini? Watasema wenyewe hawakumwagilia.”

Wanawake wote wanaitazama simu. Hata Eustace, aliyerudi kuangalia usafi, amesimama mlangoni na daftari lake.

“Rashidy, hao watu wameotesha miche mwaka mzima.”

“Na sisi je? Mwaka jana nilipeleka Singida vikonyo vilivyokaa siku kumi vikakauka. Nani alikuja kunidai? Mtu hapandi treni kuja Nachingwea kuuliza kijiti.”

Zulfa anakata simu. Anaishika kifuani kwa mikono miwili. Vikonyo vya Singida anavikumbuka: alivikata yeye, kwenye mti wa mama yake. Rashidy alimwambia vinatumika Nachingwea siku ile ile.

“Miaka tisa,” anasema, na hasemi na mtu. “Miaka tisa nakula kwake.”

“Usiviguse hivyo vilivyokufa,” anasema Teodosia. “Mimi nitakuwa wa kwanza kukutangaza. Kigoma najulikana.”

“Sijasema nitavigusa.”

“Nakwambia tu.”

Kisha mama huyo anafungua begi, anatoa kitenge kikavu na kumtupia Zulfa magotini. “Funga hivyo vizima. Na vikae kitandani kwangu, huku chini kuna hewa. Wewe kalale juu na harufu yako.”

Vilivyoungua vikarudishwa kwenye gunia. Asubuhi ya pili ya safari, kwenye stesheni ya mwisho, Zulfa alishuka na mizigo miwili: kitenge begani na gunia mkononi. Gunia hakulitupa. Alitaka walione.

Mwenyekiti wa kikundi, Lusia, alikuwa amewaita wanachama wake wote kumpokea mtaalamu wa kusini. Walikuwa wamepika. Zulfa hakukaa kula. Alimwaga gunia chini, mbele yao, na kueleza kila kitu: salfa, bati, joto, kosa lake.

Kisha mzee mmoja akauliza, kwa upole kabisa, “Umetoka kwenu Lindi mpaka hapa kutuletea kuni?”

Zulfa anasema angependa kupigwa kuliko kuulizwa vile. “Wangenitukana ningejibu. Yule mzee aliuliza kama anayetaka kujua kweli.”

Lusia alikuwa na swali moja tu, na lilikuwa la shamba: vikonyo vingine vitapatikana lini? Miche ilikuwa na unene wa penseli. Ndani ya wiki tatu shina lingekuwa nene kupita kikonyo, na miche mia nne na thelathini ingekuwa ya kupandwa hivyo hivyo, bila kujulikana itazaa nini. “Tulichanga kwa miezi kumi na moja,” anasema Lusia kwa simu. “Wengine waliuza mbuzi. Alipomwaga lile gunia, nilikaa chini.”

Zulfa alibebesha vikonyo mia mbili na kumi kwa siku moja na nusu. Alilipwa kwa hivyo tu, shilingi laki moja na elfu tano, akakataa hata shilingi ya nyongeza. Wakati wa kuagana Lusia alimwambia wazi: “Ukiweza kurudi kabla shina halijanenepa, kazi ipo na malipo ni yale yale. Ila nauli hatuna tena.”

Katika treni ya kurudi Zulfa alilala kitanda cha kati, bila mzigo. Alipita Tabora usiku na Dodoma mchana. Chumbani hakugombana na mtu.

Karibu na Kilosa simu ya Rashidy ikaingia. Alikuwa ameshapata habari kutoka kwa Lusia. Maneno yake yalikuwa machache: kitalu chake asikikanyage tena, na wakikutana Nachingwea asimpe hata salamu.

“Nilingoja nilie,” anasema Zulfa. “Kilio hakikuja. Kilichokuja ni hesabu ya siku.”

Hesabu yenyewe mkata vikonyo yeyote anaijua. Kikonyo kizuri hakikatwi ghafla. Kwanza majani ya ncha yanaondolewa, tawi linaachwa mtini siku saba mpaka kumi ili vichipukizi vivimbe, ndipo linakatwa. Treni ni siku mbili. Basi la Ruangwa mpaka Dar es Salaam ni siku nzima. Katika zile wiki tatu za Lusia zilikuwa zimebaki siku kumi na saba.

Sasa ni saa mbili asubuhi, stesheni ya Dar es Salaam. Abiria wanasukumana kuelekea kwenye pikipiki. Zulfa ameegemea nguzo, kwenye pindo la kanga ana fedha zote za safari. Zilipangiwa bati la chumba cha watoto. Anampigia mumewe, Hasani.

“Baba Fauzia, uko wapi?”

“Nyumbani. Umefika salama? Rashidy amekuja hapa jana anafoka—”

“Mwache Rashidy. Chukua baiskeli uende Nambilanje, kwenye mikorosho ya mama. Toa majani kwenye ncha zilizonyooka, unene wa penseli. Majani tu, usikate tawi. Ncha mia tano.”

“Leo?”

“Sasa hivi.”

“Mama Fauzia, si uje kwanza nyumbani tuzungumze?”

“Tutazungumza ukiwa juu ya mti. Nipigie ukishapanda.”

Anakaa kwenye benchi, simu mapajani. Muuza kahawa anapita mara mbili na mara zote mbili hamwoni. Saa tatu na nusu simu inalia. Upande wa pili kuna upepo, majani yanachanika, na mwanamume anahema.

“Nimeshaanza,” anasema Hasani. “Kuna sisimizi huku. Haya, niambie, bati je?”

“Bati litakuja na hela ya Kigoma. Ya vikonyo na ya mikono, zote zetu. Na dukani usinunue salfa.”

“Hata kidogo?”

“Hata harufu yake.”

Anainuka na kwenda dirisha la tiketi. Mbele yake kuna watu wanne. Anapofika anazitoa zile fedha za Lusia zikiwa bado zimefungwa kwenye pindo la kanga, anazifungua kwa meno, anazisukuma chini ya kioo. Anataja treni ya siku kumi na moja mbele.

“Kigoma, kulala,” karani anarudia. “Kwenda na kurudi?”

“Kwenda tu. Kurudi nitajilipia huko huko.”

“Kitanda cha juu kipo, kuna dirisha zuri.”

“Cha chini,” anasema Zulfa. “Chini kabisa.”

Karani anagonga muhuri. Zulfa anaikunja tiketi mara mbili, anaitia ndani ya kitenge cha Teodosia, na kutoka kutafuta basi la Ruangwa.