Kitambaa Juu ya Mashine ya Gemu

Mwanangu alipokuwa mdogo, mashine za gemu zilikuwa za kutumbukiza kaseti. Zilipokuja za diski, kibanda kimoja hapa Gatitu kikajaa vijana, nami, mzee wa kanisa, nilimtoa humo mbele ya wenzake siku ya ibada. Televisheni niliizima kwa mkono wangu mwenyewe. Nilidhani ninamwokoa.

Leo ana miaka saba ng'ambo, mama yake tulimzika shambani kwetu Kianyaga, na mashine ya namna hiyo ndiyo inayonikutanisha na mwanangu. Aliituma mwaka juzi. Haina hata mlango wa diski. Gemu zinaingia kwa intaneti. Kila Jumamosi, baada ya chai ya saa kumi, tunacheza mpira, yeye huko, mimi huku, sauti yake ikinijia masikioni. Kwa simu ni mtu wa kusema yuko salama na Mungu ni mwema, kisha huaga. Akicheza, husahau kujificha. Ndivyo nilivyojua kwamba hufanya kazi usiku na kulala mchana, na kwamba aliwahi kumaliza mwezi mzima bila kuzungumza na mtu nje ya kazi. Hunifunga mabao sita na kunicheka.

"Mzee, huyo kipa wako anasali?"

"Anasali," humjibu, "ila bado hajajibiwa."

Jumamosi moja mwezi wa Julai, mpira ukiwa umesimama, akasema, "Baba, kuna neno nimekuwa nikitaka kukuambia." Nikangoja. Nikamsikia akivuta pumzi. Hapo mashine ikazimika, televisheni ikawa nyeusi.

Nilimpigia simu papo hapo. Akasema si jambo la haraka, tutaongea mashine ikipona.

Fundi mjini Nyeri aliniuliza huwa naiweka wapi. Nikamweleza: mezani, chini ya kitambaa alichofuma marehemu mke wangu, kama redio na televisheni. Nyumba zetu ndivyo zilivyo. Kitu cha thamani hakiachwi wazi. Tena kwa ile baridi ya Julai nilikuwa nimekikunja kitambaa mara mbili. Akaifungua, akanionyesha vumbi na nyuzi za sufu zilizoziba matundu.

"Mzee, hii hupumulia huku nyuma. Wewe umeivalisha sweta."

Wateja wakacheka, nami nikacheka nao.

Jumamosi iliyofuata niliiwasha bila kitambaa. Tulicheza mechi tatu. Akanieleza kwamba gemu za kesho hazitahitaji mashine mezani. Mtu atavaa miwani tu, na ataona ameketi na mwenzake kama kwenye benchi moja. Nikamuuliza kama nitauona uso wake, ule wake hasa, si wa kuchorwa. Akasema labda, miaka ijayo. Nina miaka sabini na sita. Nilimshukuru Mungu hata kwa hiyo miaka ijayo.

Kisha nikamkumbusha lile neno.

"Lilishapita, Baba," akasema. "Anza wewe, mpira ni wako."

Sijamuuliza tena. Namwombea bila kujua hasa ninaomba nini, nikiamini kwamba anayesikia anajua. Ila tunapocheza, mpira ukitoka nje, sibonyezi kitufe upesi. Namwachia nafasi kidogo. Namsikia akipumua, kisha ananiuliza kama nimelala.