Ng'ombe Aliyechinjiwa Wafadhili

Nimesikia misibani na barazani, na mara moja kutoka kwa kijana mwenye shahada, kwamba shule yetu ya zamani karibu na Msalato ilikufa kwa sababu mzee mmoja wa Kigogo aliilaani. Kila anayesimulia huongeza lake. Mmoja ameweka chui, mwingine ameweka radi iliyopasua kengele. Hakuna kati yao aliyekuwapo. Mimi nilikuwapo, nikila mshahara wa shule hiyo, na radi sikuiona. Nilichokiona ni ng'ombe akichinjwa kwa amri ya mtu aliyekwisha kuambiwa asimchinje.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wadachi, reli ikiwa imekwisha kufika Dodoma. Shule haikuwa ya serikali wala ya misheni. Ilikuwa mali ya chama cha hisani cha huko Ujerumani, cha watu wenye viwanda na wake zao, waliokutana wakati wa chai kuusikitikia ujinga wetu. Msimamizi wao hapa alikuwa mwalimu mstaafu mwenye ndevu nyekundu, mtu wa bidii nyingi na usikivu haba. Mimi nilizaliwa Busi, upande wa Kondoa, nikasomeshwa pwani, na kwa kuwa nilijua Kijerumani cha kuandika alinipa kazi mbili. Asubuhi nilifundisha hesabu. Mchana nilishughulika na wafadhili.

Kazi hiyo ya pili ilinifundisha kuwadharau watu ambao sikuwa nimewaona. Kila mfadhili alikuwa na mwanafunzi wake, na kwa kuwa alimlipia alikuwa na haki ya kumpa jina. Kwa hiyo walikuwako watoto wa wachunga ng'ombe waitwao kwa majina ya wajomba waliofia Ujerumani, na majina hayo hawakuweza kuyatamka. Mtoto akitoroka, jina lilihamia kwa mwingine, na barua ziliendelea kwenda kana kwamba hakuna aliyeondoka. Barua hizo niliziandika mimi, kwa mkono wa kitoto, na majibu yalisifu jinsi mwandiko unavyoendelea vizuri.

Halafu zilikuwako picha. Wafadhili walitaka kuona mtoto alivyokuwa kabla ya shule na alivyo baada yake. Msimamizi hakuwa na picha za kabla. Akawavua kanzu watoto waliokwisha kujua kusoma, akaazima ngozi kwa bibi zao, akawapaka vumbi na kuwaamuru wasicheke. Walicheka. Picha ilirudiwa mpaka wakachoka, na uchovu ule ndio uliowaliza wafadhili huko kwao.

Lakini nitakuwa dhalimu nikisema kwamba hapakuwa na shule. Ilikuwako, na ilisimama juu ya jambo moja tu. Watoto wengi walitoka mbali wakalala hapo, na ile miezi ya njaa, uwele umekwisha ghalani na mpya bado haujakomaa, chama hakikuweza kuwalisha, kwa kuwa fedha yake ilikuja imekwisha kupangiwa madirisha na bendera. Mzazi akisikia mwanawe halali na shibe, humfuata akamchukua. Mwaka uliotangulia tulibaki na madawati tu. Niliapa nisiyaone tena madawati matupu, maana darasa langu la juu lilikuwa limefika kwenye mafungu ya kumi, yaani hesabu za desimali, na hapakuwa na darasa jingine kama lile katika nchi yote ile.

Ndipo nilipokwenda Miyuji kwa mzee mmoja mwenye mifugo mingi, mtu mrefu, mkimya, mwenye ndewe za masikio zilizotobolewa zikaning'inia mpaka karibu na mabega. Nilimwamkia kwa desturi yake, nikamweleza habari ya watoto. Hakuuliza habari ya elimu. Aliuliza wanakunywa nini. Siku chache baadaye alileta ng'ombe wa maziwa zizini kwetu, na wazee wenzake wakafuata.

Hapa lazima nieleze desturi, kwa maana msiba wote umo humo. Mwenye mifugo wa nchi ile hawaweki ng'ombe wake wote mahali pamoja. Huwagawa kwa watu anaowaamini. Anayewekewa hukamua, hunywa, huchunga na kutibu, na ng'ombe hubaki wa mwenyewe, pamoja na ndama wake. Ng'ombe akifa, mlezi humpelekea mwenyewe nyama na ngozi. Ngozi hiyo hufunuliwa, hukaguliwa alama zake na majeraha yake, na mwenyewe akisharidhika jambo huisha bila deni wala kinyongo. Asiyeonyesha ngozi amekula ng'ombe wa mtu. Kwetu Busi ni vivyo hivyo, na sijapata kumjua mtoto wa miaka saba asiyelijua jambo hili.

Nilimweleza msimamizi siku ileile, mbele ya zizi, kwa Kijerumani chepesi. Alitikisa kichwa kukubali. Kisha akaketi akawaandikia wafadhili kwamba wazee wa Kigogo, kwa kuguswa na kazi ya chama, wameizawadia shule ng'ombe. Nilipoiona rasimu nilimwambia kwamba neno zawadi si kweli. Alinijibu kwa upole aliouweka akiba kwa watu asiowasikiliza: wafadhili hupenda kuona kwamba wenyeji nao wanatoa.

Watoto walikunywa maziwa. Miezi ya njaa iliingia na hakuna aliyefuatwa na mzazi.

Kiangazi kilichofuata ilikuja habari kwamba tajiri mmoja wa kiwanda cha nguo na mkewe, nguzo kuu za chama, wanapita na reli na watatutembelea. Msimamizi alipagawa. Aliandaa sikukuu: nyimbo, maonyesho ya ushonaji, hotuba, na karamu ya kuwakutanisha wafadhili wa ng'ambo na wafadhili wa hapa, kama alivyowaita wazee. Na kwenye karamu hiyo, akaniambia, atachinjwa ng'ombe wa yule mzee wa Miyuji, mbele ya wageni, picha ipigwe.

Nilimkumbusha niliyomwambia. Akasema kwamba mfanyabiashara mmoja Mgiriki, aliyekaa nchini kupita yeye mwenyewe, alimhakikishia stesheni kuwa Mwafrika huona haya zawadi yake isipochinjiwa mgeni. Nilimwuliza Mgiriki yule alipata kuwekewa ng'ombe na nani. Hakujua. Nikamwomba anunue dume sokoni.

"Dume la sokoni halina hadithi," alisema.

Hivyo ndivyo mtu aliyesoma anavyoharibiwa na maneno ya stesheni. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, na bado sijakutana na upumbavu mkubwa kuliko wa mtu mwenye ukweli mkononi anayetoka nje kuuliza uvumi.

Siku ya sikukuu ng'ombe alichinjwa asubuhi mbele ya wageni, wakati wazee hawajafika, akiwa bado anatoa maziwa. Mke wa tajiri aliziba macho kwa vidole vilivyoachana. Baadaye aliiona ngozi, nyeupe yenye mabaka mekundu, akaisifu, na msimamizi akamzawadia papo hapo. Ilipakwa chumvi, ikakunjwa, ikapelekwa stesheni pamoja na mizigo yao.

Wazee waliwasili mchana, wamejipaka mafuta, wakakalishwa kwenye viti vya darasani ambavyo magoti yao hayakuvizoea. Watoto waliimba kuhusu theluji. Tajiri alihutubu juu ya mbegu na mavuno, nami nikatafsiri kwa ufupi, kwa kuwa waliokuwa wakisikiliza walijua kilimo kuliko yeye. Kisha nyama ikaletwa kwenye sahani za bati. Mzee wa Miyuji aliitazama sahani yake, akatazama upande wa zizi, hakula.

"Mwalimu," aliniambia kwa Kigogo, "yule wangu mwenye mabaka yuko wapi?"

Nilimwambia yuko sahanini. Sikuona heshima yoyote katika kumficha mtu mzima jambo lake mwenyewe.

Mzee akasema maneno ambayo wasimulizi wa laana hawayajui, na ambayo yangetuokoa sote. Alisema labda ng'ombe aliumwa ghafla, labda aliteguka mguu, mambo hayo hutokea, na mlezi mzuri humwahi kwa kisu. Akaomba aletewe ngozi aione, mambo yaishe, ale na wenzake.

Alitufungulia mlango. Msimamizi alihitaji tu kuupita. Nilimtafsiria neno kwa neno, nikaongeza kwa sauti ya chini kwamba mtu apelekwe stesheni sasa hivi kuirudisha ngozi. Alinitazama kama niliyependekeza kumvua mgeni viatu. Akasema zawadi aliyopewa bibi hairudishwi. Mzee atapewa blanketi, na picha ya shule ndani ya fremu. Akaagiza vyote viwili vije, akavikabidhi yeye mwenyewe kwa mikono miwili, mpiga picha akiwa tayari.

Mzee alilikunja blanketi akaliweka juu ya kiti. Picha aliishika, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Mwambie bwana wako kwamba hii haikamuliwi."

Wazee walicheka, na tajiri, akidhani wamefurahi, akacheka nao na kupiga makofi. Msimamizi aliniuliza mzee amesema nini. Nilimwambia alivyosema. Akaniomba nitafute tafsiri nyingine ya kuwapa wageni, nami nikamwambia kwamba sina.

Wageni waliondoka asubuhi iliyofuata. Nilikwenda stesheni peke yangu, bila ruhusa. Tajiri na mkewe walikuwa wamekwisha kuketi behewani. Nilisimama chini ya dirisha nikaeleza, kwa Kijerumani nilichokipanga njia nzima, kwamba ngozi ile ni ushahidi, kwamba ikirudi watoto wataendelea kunywa maziwa, na isiporudi ng'ombe wote wataondoka na watoto pamoja nao. Bibi yule alinisikiliza kwa makini sana. Nilipomaliza alimgeukia mumewe.

"Umesikia anavyotamka? Kama mtu wa kwetu kabisa."

Akaniomba niseme tena. Nilisema tena, nikiamini kwamba safari hii atasikiliza maneno. Akamwita mwanamke wa behewa la pili naye aje asikie. Mumewe alinipa sigara kubwa. Treni ikaondoka na ngozi yetu, nami nikaiacha ile sigara juu ya benchi la stesheni kwa yeyote atakayeitaka.

Niliporudi, mzee wa Miyuji alikuwa langoni mwa zizi akiwatazama vijana wake wakitenga ng'ombe wake. Hakupiga kelele, hakutemea mate kengele, hakuita mizimu. Nilimwambia nilikotoka na nilichojibiwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ulimwambia bwana wako?"

"Nilimwambia, baba. Zaidi ya mara moja."

"Basi nyinyi mnaishi na mtu asiyewekewa kitu," alisema. "Mimi sina ugomvi na watoto. Maziwa niliwapa wao. Wakiona njaa, kwangu wanakujua."

Akaondoka nyuma ya ng'ombe wake. Wazee wengine walikuja siku zilizofuata, kila mmoja kwa saa yake, wakachukua walio wao. Laana nzima ni hiyo.

Njaa ilipoingia, watoto walifanya walivyoambiwa. Wengine walikwenda kwao, wengine Miyuji, wakachunga na kunywa. Darasa langu la mafungu ya kumi liliondoka katikati ya somo la riba. Msimamizi alipeleka taarifa kwamba wenyeji wa uwanda huu ni wahamaji kwa asili, na bomani akamwambia Bwana Shauri, Mjerumani mkuu wa wilaya, kwamba mzee fulani mchawi amewatisha wanafunzi. Hapo ndipo ulipotoka uvumi mnaousimulia.

Chama kilituletea kinanda. Kilishushwa stesheni, kikabebwa na wapagazi mpaka darasani, na kuku wakakizoea.

Ndani ya sanduku lake mlikuwa na barua ya bibi mwenye ngozi. Aliandika kwamba imetandikwa mbele ya moto wao na kila mgeni huiulizia. Aliuliza pia hali ya mtoto wake, yule mwenye jina la baba mkwe wake. Msimamizi alinipa nijibu, kama kawaida. Niliandika kwamba mtoto amekwenda Miyuji kunywa maziwa, na kwamba hatarudi. Aliisoma, akaichana vipande vinne, akaketi akaandika mwenyewe kwamba mtoto yu buheri wa afya, anamsalimu, na anajifunza kupiga kinanda.

Nilimwachia kalamu mezani nikaenda zangu Busi.