Unyayo wa Mke Mwenzangu

Bibi mzaa mama hakuwa akiniita mjukuu. Aliniita mke mwenzie, maana kwa utani wetu babu alikuwa mume wetu sote wawili. Nami nilimchokoza kweli kweli. Akikaa kupepeta mchele, namvizia, namtekenya unyayo, mchele unamwagika, natukanwa mpaka magharibi.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikajaa Kibiti, kiharusi kikampiga bibi upande wa kushoto. Nilikuwa nimeshaolewa, nikarudi kumuuguza. Muuguzi mmoja, mtu wa bara, alimkwaruza unyayo kwa ufunguo. Kimya. Akatuambia taratibu kwamba unyayo ukianza kusikia, huenda bibi akasimama tena. Usiposikia, basi tumzoee vile alivyo.

Mama akanunua soksi nene ya mtumba, akamvisha mguu ule. Kila asubuhi aliuchua kwa mafuta ya nazi, machozi yanamtoka. Lakini kumtekenya hakuthubutu. Nani anamtekenya mama yake mzazi? Kazi hiyo ilikuwa yangu.

Basi kila alasiri namvua soksi, namtekenya, namsimanga kwamba amejilaza makusudi ili mume wetu nimpikie mie peke yangu. Alinitazama tu, mdomo umepinda. Roho iliniuma, na hasira nilikuwa nazo, sijui za nani.

Siku moja nikajitekenya unyayo wangu mwenyewe, nione kama vidole vyangu vina kasoro. Wapi. Mguu mzima, vidole vile vile, na sikutekenyeka hata kidogo. Nilistaajabu hadi nikasahau kulia. Kumbe mwili unaujua mkono wake. Haushtuki mpaka aje mwingine. Na kwa nini unyayo na kwapa, si goti wala kiwiko? Mungu ana siri zake. Nikaushika tena mguu wa bibi, safari hii polepole, kwa adabu kama mtu anayebisha hodi.

Kidole gumba kikajikunja.

Nikatekenya tena. Tumbo lake likaanza kutikisika, kisha ikamtoka sauti ya kukwaruza, na mama akaja mbio kutoka jikoni akidhani ndiyo tunampoteza. Bibi alikuwa anacheka. Akauvuta mguu kidogo, akatamka maneno ya kwanza kueleweka tangu augue.

"Mke mwenza, niache."

Mama akakaa chini pale pale mlangoni, mwiko mkononi. Nami nilikuwa nalia, na wala sikumwacha.