Umeme wa Moyo wa Shangazi Apolonia

Nakumbuka siku ile, mwanangu, shangazi yangu Apolonia alipoanguka tena katikati ya migomba yake kule Kibosho. Akazinduka mwenyewe, akauliza kwa nini tumemzunguka kama wapiga picha.

Ukoo ulikuwa na jibu tayari. Shangazi aligombana na shemeji yake juu ya mpaka wa kihamba, shamba la migomba la ukoo, na ugomvi usiosuluhishwa, walisema wazee, humwangusha mtu. Likapelekwa jani la sale la kuombea msamaha, ambalo kwetu halikataliwi. Wakasameheana, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa. Shangazi akaanguka na kata mkononi. Masikini shemeji! Alikuwa ameshaurudisha mpaka, na migomba juu yake.

Mimi nilikuwa kijana wa kuuza mitumba Moshi mjini, sipokei shati bila kulikagua mara mbili. Nikampeleka hospitali. Muuguzi akamshika kifundo cha mkono: mapigo thelathini na mawili kwa dakika, kama nusu ya kawaida. Nikamwomba ahesabu tena. Yakawa yale yale.

Daktari akampima umeme wa moyo, kisha akamwambia, "Mama, moyo una vyumba vya juu na vya chini. Vya juu hutuma umeme, vya chini vikasukuma damu. Wako ni kama mfereji uliokatika katikati: maji yapo juu, shambani hayafiki. Vya chini vinajipigia vyenyewe, polepole. Vikisita, unazimia. Siku moja hutazinduka. Inafaa uwekewe kifaa cha betri chini ya ngozi ya kifua, waya uingie moyoni uuchochee kupiga. Hapa hatukiweki; mtakwenda Nairobi."

"Betri? Kwani mimi redio?"

Nami, mazoea ya sokoni, nikajaribu kupatana. "Daktari, si tuanzie kwenye vidonge?"

"Vidonge haviungi njia iliyokatika, kijana."

Nikafungua mdomo tena. Shangazi akanikatiza. "We mtoto, nimemsamehe mtu aliyemeza mpaka wangu, nishindwe na waya? Hapa si sokoni. Kanitafutie basi."

Alirudi na betri yake kifuani, na baada ya kupona akapanda mteremko wa Kibosho na mkungu kichwani, akitusimanga kwa kubaki nyuma.

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Patana na ndugu zako, ni jambo jema. Lakini mtu akizimia na mapigo yake ni machache, usingoje kikao cha ukoo. Mpeleke akapimwe moyo siku hiyo hiyo. Akiwekewa betri, ahudhurie kliniki, maana nayo huchoka ikabadilishwa.

Mungu akujalie ndugu wa kukushika mkono ukiugua, na akili ya kuwakubalia wanapokuambia twende.