Saipresi za Shangazi Jeruto

Fikicha jani la saipresi kati ya vidole, kisha ulinuse. Wengi watakwambia hiyo ni harufu ya Krismasi, ya matawi mlangoni na chapati jikoni. Kwangu mimi ni harufu ya vita, na kwa kuwa vita vyenyewe tulishinda, kila nikipita kwenye vitalu vya miche hapa Eldoret huchuma jani bila kuomba. Mwenye miche akinikazia macho, humchekea tu.

Nilikuwa msichana wa shule ya msingi, na tuliishi Kesses katika shamba aliloliacha marehemu babu. Msimu ninaousimulia ni wa masika ya kwanza baada ya katiba mpya. Udongo ulinukia, matrekta yalikuwa yamemaliza kulima, na kila mtu alikuwa na matope hadi magotini. Shangazi Jeruto, dada ya baba yangu, alikuwa amerudi nyumbani na watoto wake baada ya ndoa kumshinda. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shangazi alipewa jembe siku ya kwanza, akalima, akapalilia, akakamua ng'ombe, na bado baba mkubwa Kibet alipomtambulisha kwa watu alisema, "Huyu ni mgeni wetu." Niliumia kila nilipolisikia neno hilo.

Kwetu mwanamke aliruhusiwa kupanda chochote cha kuliwa. Mahindi, maharagwe, managu, hakuna aliyemuuliza. Mti ulikuwa jambo jingine. Mti hukaa miaka, na anayepanda mti mpakani anatangaza kwamba shamba ni lake, kwa hiyo miti ilipandwa na wanaume. Shangazi alilijua hilo kuliko sote. Ndiyo maana alikusanya pakiti tupu za maziwa, akazijaza udongo na kuotesha saipresi nyuma ya jiko. Mvua iliposhika, akaipanda miche yake kuzunguka kile kipande cha chini, karibu na mto, alikotaka kujenga. Kesho yake tuliikuta imeng'olewa, imelala matopeni mizizi juu, ikinukia. "Wewe Jeruto," baba mkubwa alisema bila kujificha, "mboga panda mpaka ujaze shamba. Lakini mti ni ya mwenye shamba." Shangazi aliinama, akaiokota, akairudisha ardhini. Baba mkubwa akaing'oa tena. Ikawa hivyo hata sisi watoto tukawa tunakimbilia huko kabla ya uji, kuangalia nani anaongoza.

Hatimaye Shangazi akaenda kwa chifu. "Nikikosa hapa, sina pengine," nilimsikia akimwambia baba yangu, mtu mpole kupita kiasi ambaye bado alikuwa anatafuta namna ya kutomuudhi yeyote. Chifu alikuja, majirani wakajaa, na kikao kikafanyika uani kwetu juu ya mabenchi yaliyoazimwa kanisani. Chifu alieleza kwamba katika katiba mpya mtoto wa kike na wa kiume ni sawa mbele ya mali ya baba yao, na kwamba mila haiwezi kuipiku. Baba mkubwa akasimama, akarekebisha kofia, akatoa hoja ambayo nadhani ingetolewa na mtu wa kwetu tu. "Chifu, hiyo katiba si sisi tulipitisha. Huku tulipiga nyekundu. Wale walipiga kijani wafuate yao huko kwao!" Nyekundu ilikuwa rangi ya kuikataa katika kura ya maoni, kijani ya kuikubali, na ni kweli kwetu wengi waliikataa. Watu wakaguna kumuunga mkono. "Mzee," chifu akasema, "mvua ikinyesha, inaruka shamba ya wale hawakuomba?" Kicheko kikalipuka, lakini baba mkubwa hakuketi.

Ndipo Kogo akainuka. Kogo ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mama yao wote. "Kibet," alisema, "mimi pia nilipiga nyekundu. Ni wewe uliniambia, ukanipeleka mpaka kwa mlango. Sikuuliza ndani ya hiyo katiba kuna nini. Sasa nimesikia ndani kuna mtoto wangu." Akateremka hadi kile kipande, kikao kizima kikimfuata. Akaokota mche, akachimba kwa mkono, akaupanda. Maisha yake yote hakuwahi kupanda mti. Alipomaliza alimwinulia mwanawe kidole kilichojaa matope meusi, kama watu wanavyoonyesha wino wakitoka kupiga kura. "Leo nimepiga kijani. Haya, ng'oa."

Hakung'oa. Wanawake walipiga vigelegele hadi ng'ombe wakakurupuka, nami nikapiga vyangu kwa nguvu zote. Baba yangu, mpole wetu, akaenda kuleta jembe. Mpimaji wa ardhi alipokuja baadaye, Shangazi alitembea mbele yake akimwonyesha mpaka wake mwenyewe.

Siku hizi saipresi zile zimeipita nyumba ya Shangazi kwa urefu, na paa lake limeezekwa juu ya mbao zilizotoka humo humo. Kogo hayupo. Baba mkubwa yupo, na asiyekubali kushindwa si mshindani: huja kuomba nguzo za boma kwa dada yake, na hupewa. Masika haya nilimpeleka binti yangu huko, naye akaibeba miche ya avokado akaanza kuchimba bila kumuuliza mtu. Nikamwambia kwamba zamani msichana hakuruhusiwa kupanda mti hapa. Akashangaa kweli. "Kwani nani alikuwa anakataza?"

Baba mkubwa alikuwa amesimama karibu, amemshikia mche. Alinitazama, akautazama mstari wa saipresi.

"Hata mimi sijui," akasema. "Chimba, mama. Shimo iende chini."