Fundo la Joho Jeusi

Huko Pietrascura, kijiji kilichokaa juu ya mgongo wa mlima wa Calabria, Serafina Macrì alinyang'anywa nyumba, shamba na heshima ya kuwa na mlango wake mwenyewe. Kilichobaki mikononi mwake ni fundo.

Fundo lenyewe ni la joho la Bikira Maria. Asubuhi ya Pasaka sanamu tatu hutoka kanisani. Kristo Mfufuka hupita njia ya juu. Mama yake hupita njia ya chini, amefunikwa joho jeusi la msiba. Katikati yao yuko Mtakatifu Yohane, mjumbe, naye hukimbia kumpasha Mama habari kwamba mwanawe yu hai. Mama haamini. Yohane hurudi, akaja tena mbio, na Mama bado haamini. Mara ya tatu ndipo anapoondoka naye kwa kasi, na akimwona mwanawe, joho jeusi sharti lianguke kwa mvuto mmoja wa kamba, abaki na vazi lake la buluu mbele ya umati. Injili haikuandika mkutano huo. Watu wa Pietrascura huuliza tu: mwana gani atafufuka, kisha aende kwa wengine kabla ya kwa mama yake?

Joho likianguka vizuri, mwaka ni mwema. Likinasa, mvua ya mawe itapukutisha mizeituni, na mvuta kamba hasahauliwi. Alikuwapo mmoja aliyelinasisha akiwa kijana. Akazeeka bila mtu hata mmoja kumwomba asimamie ubatizo wa mtoto.

Bibi yake Serafina ndiye aliyelifunga fundo hilo zamani, kisha mama yake, kisha yeye. Jumamosi Kuu wanaume hutolewa kanisani, mlango hufungwa, na mwanamke hubaki na Mama. Serafina hakusoma, miaka ya shule aliimalizia nyuma ya mbuzi. Lakini siku ya Pasaka alitembea nyuma ya sanamu ile, mbele ya wake wa daktari na wa mwanasheria, shingo imenyooka kama mshumaa.

Aliyemdhulumu alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Baba yao alipopooza, Cosimo alikuwa Torino viwandani, akituma salamu. Serafina ndiye aliyemgeuza mzee kitandani, akamlisha, akamwosha, mpaka wachumba wakaacha kubisha hodi. Siku ya mazishi Cosimo aliweka mkono juu ya msalaba wa jeneza akaapa: "Dada, nyumba hii ni yako." Wiki ile ile akamletea karatasi aweke kidole, "mambo ya serikali tu." Kabla mizeituni haijavunwa, mke wa Cosimo alikuwa anatundika mapazia madirishani, na Serafina analala kwenye chumba cha nyuma ya tanuri la mikate. Kijiji kizima kilimwonea huruma. Huruma ile ilimuuma kuliko wizi.

Sasa, Kwaresima ya mwaka wa tatu tangu atolewe nyumbani, Melina mwoka mikate aliingia akipangusa unga mikononi.

"Shoga, umesikia? Wamechagua mvuta kamba."

"Nani?"

"Kaa kwanza."

"Nimekaa maisha yangu yote, Melina. Sema."

"Cosimo wako."

Serafina aliendelea kumenya viazi. Ganda lilikatika.

"Haya basi," Melina alicheka, akasogea karibu. "Fundo lako, mkono wake. Mimi ningelikaza hilo fundo mpaka ang'ang'ane nalo kama mbwa na kamba ya mbuzi!"

Hakuwa Melina peke yake aliyewaza hivyo. Jioni ile alikuja mzee Bruno, mkuu wa chama cha wabeba sanamu, kofia mkononi.

"Serafina, binti yangu, tumefikiri… labda mwaka huu upumzike. Mwingine afunge."

"Nimeumwa?"

"La."

"Nimewahi kunasisha joho?"

"Hujawahi, wala mama yako."

"Basi kampumzishe aliyeapa uongo juu ya msalaba. Mimi nitafunga."

Bruno alivaa kofia yake akatoka. Lakini alipobaki peke yake, Serafina alijua kwamba mzee yule hakuogopa bure. Mshono mmoja tu ungetosha, uzi mweusi ushike joho na vazi la buluu kwapani mwa sanamu, pasipo mtu kuona. Cosimo angevuta, joho lingegoma, na kijiji kingekuwa na kisa chake mpaka kifo. Aliliwaza jambo hilo asubuhi na jioni, nalo lilikuwa tamu.

Ijumaa Kuu alikwenda kuungama kwa Padre Nunzio.

"Padre, namchukia kaka yangu."

"Msamehe, mwanangu."

"Nikimsamehe, nyumba inarudi?"

"Hapana."

"Basi nisamehe nini, na mwizi bado analala kitandani kwangu?"

Padre alikohoa. Kisha akasema, "Bwana wetu alipofufuka, alikuja na majeraha yake. Hakuyafunika. Alimwambia Tomaso, tia kidole chako hapa. Lakini hakumtafuta aliyempigilia misumari ili naye ampigilie. Kusamehe si kusema hakuna kidonda, Serafina. Ni kukataa kutoboa wengine."

"Kwa hiyo naruhusiwa kukionyesha kidonda?"

"Yeye alikionyesha."

"Hapo umenena, Padre."

Akapewa kitubio chake, akakisali chote. Hata hivyo Jumamosi Kuu, mlango ulipofungwa, sindano ilikuwa imechomekwa kwenye ukosi wake, na uzi ndani yake ulikuwa mweusi.

Alimvika Mama joho. Alikunja mikunjo kama alivyofundishwa, akapitisha kamba mgongoni, akafunga fundo lile ambalo hushika kama ngumi na kufunguka kama kiganja. Kisha akachomoa sindano. Akaitia kwapani, nguo ya juu na ya chini, akavuta uzi.

Uso wa Mama ulikuwa pale pale, mti uliopakwa rangi, machozi yake ya kioo mashavuni. Serafina alimwona akilini jinsi atakavyokuwa kesho, amekimbia njia yote ya chini, amefika mbele ya mwanawe, halafu amebaki na msiba mabegani. Kwa sababu gani? Kwa sababu ya Cosimo.

"La," alisema kwa sauti. "Wewe huyu mjinga hakuhusu."

Akakata uzi, akautoa wote. Hakuutoa kwa upole wala kwa machozi. Aliutoa kwa jeuri ya mtu anayejua kazi yake: mikono ya mama yangu haitaaibishwa kwa ajili ya mwizi.

Pasaka kulikucha na jua kali. Uwanja ulijaa mpaka kwenye vibaraza. Yohane alikimbia, akarudi, akakimbia, na watu wakawa wanamhimiza kama wanahimiza farasi. Mara ya tatu Mama aliondoka. Wabebaji walikwenda mbio, viatu vikigonga mawe, Cosimo nyuma yao na kamba mkononi. Kristo akatokea kwenye kona ya juu. Wakakaribiana. Sasa!

Joho halikuanguka.

Cosimo hakuwa amevuta. Alikuwa amesimama, jasho linamtiririka, macho yanamtafuta dada yake katika umati. Alikuwa na hakika amefungiwa aibu yake ndani ya fundo lile. Mwanamke mmoja akaanza kujipiga kifua. "Mizeituni yetu!" akalia mwingine.

Serafina alipasua sauti: "Vuta, Cosimo! Aliyefunga ni mimi! Vuta!"

Cosimo akafumba macho, akavuta. Joho likaruka nyuma kama kunguru aliyeshtuliwa, lote, kwa mara moja, na buluu ikawaka juani. Kengele zikalia, baruti zikapasuka, watu wakakumbatiana hata na wasiosalimiana nao.

Cosimo alimjia, kamba bado mkononi.

"Dada… nilidhani umelishona."

"Ungekuwa wewe, ungelishona."

"Nisamehe."

"Kwa Mungu nimeshakusamehe, kaka." Alisema bila kupunguza sauti, na waliokuwa karibu wakageuka mmoja mmoja kusikiliza. "Sasa kidonda hiki hapa, tia kidole. Nyumba uliyoniapia juu ya jeneza la baba ni ya nani?"

Cosimo alitazama chini. Mkewe akamvuta mkono, asivutike.

"Dada yako amekuuliza swali," alisema mzee Bruno. "Uwanja mzima unasikia."

"Nitakusikiliza nikirudi," Serafina alimwambia kaka yake, kwa kuwa wabebaji walikuwa wamemwinua tena Mama na maandamano yameanza. Watu wakagawanyika kumpisha, na hapakuwa tena na ile huruma machoni mwa yeyote. Akajitanda mtandio wake vizuri, akashika mahali pake nyuma ya vazi la buluu.